Kutoka Mlangoni Hadi Stesheni: Je, Gari Lisilo na Dereva Litatufaa?

(Haya ni mazungumzo ya mfanyakazi wa huduma za jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya vijiji vilivyo karibu na reli, upande wa Syokimau na Katani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi vingine navyo vipate kuyasoma na kuyajadili.)

 

Leo sitazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mkopo wa mzunguko. Mwezi uliopita kijana mmoja wa boda boda alinisimamisha pale stegi akaniuliza, "Madam, nimeona kwa simu gari linabeba watu huko Marekani na hakuna mtu kwa usukani. Hilo likifika hapa stesheni, mimi nitakula wapi?" Wenzake walicheka sana. Lakini kando yao alikuwa mama mmoja anayeuza mboga, na yeye hakucheka. Alisema, "Na likifika, mimi litanifikisha nyumbani usiku, ama litaishia kwa lami?"

Maswali hayo mawili nimeyabeba tangu siku ile. Nimesoma, nimeuliza, na leo nataka tuyajibu pamoja. Mtu asiseme haya ni mambo ya Wazungu. Siku hizi mambo hayachukui miaka mingi kufika. Simu ya mkononi tuliiona hivyo hivyo, na leo hata shosho wa miaka themanini anapokea pesa nayo.

SAFARI HUANZIA WAPI?

Tuanze na huyo mama. Yeye huamka saa kumi za usiku. Hufunga mzigo wake, huchukua tochi, na hutembea gizani mpaka stesheni ili apate treni ya asubuhi kwenda mjini. Mvua ikinyesha, njia inakuwa matope matupu. Jioni anarudi na treni, anashuka, na giza limekwisha ingia. Hapo ana mambo mawili ya kuchagua. Atembee peke yake, ama apande pikipiki ambayo usiku nauli yake inapanda. Aliniambia kwamba siku nyingine pikipiki hiyo ya kilomita chache inamgharimu kuliko treni yenyewe.

Sasa angalieni. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, na tulifurahi. Ilijengwa vizuri, ikawekewa na mahali pa kuegesha magari. Mwaka 2017 ikaja reli mpya ya Mombasa, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikawekwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2019 reli hiyo ikasogezwa mpaka Suswa. Lakini ukiangalia stesheni hizi mpya, nyingi ziko mbali na watu. Ile ya Mombasa iko Miritini, na anayeshuka lazima atafute gari la kumfikisha mjini. Ile inayoitwa Ongata Rongai iko upande wa Tuala, si katikati ya Rongai.

Kwa hivyo anayejenga reli huhesabu kutoka stesheni hadi stesheni. Mama naye huhesabu kutoka mlango wake hadi soko, na kutoka soko hadi mlango wake. Hesabu hizo mbili hazilingani. Kipande kile kati ya mlango na stesheni ndicho kinachoamua kama treni ni ya mama huyu ama ni ya mwenye gari anayeegesha pale.

Shida hii si yetu peke yetu. Nchi tajiri nazo zinayo, na ndiyo maana wao wameanza kujaribu magari yasiyo na dereva karibu na stesheni za nje ya miji.

GARI HILI NI KITU GANI?

Gari linalojiendesha si la uchawi. Lina magurudumu, injini ya umeme mara nyingi, na breki kama gari lingine. Tofauti ni kwamba pahali pa macho ya dereva pana kamera, na vyombo vinavyotoa miali ya mwanga ambayo jicho letu halioni. Miali hiyo inagonga ukuta, mti ama mtu, inarudi, na kompyuta inajua kitu hicho kiko umbali gani. Setilaiti zinaisaidia kujua iko wapi. Tena mara nyingi huwekewa ramani ya njia yote mapema, kila kona na kila nguzo.

Kwa hivyo gari hili linapenda njia linayoijua. Likikuta lori limeegeshwa vibaya, majani marefu yameinama barabarani, ama mvua kubwa, linaweza kupunguza mwendo ama kusimama kabisa likingoja. Sasa fikirini barabara yetu ya kwenda stesheni. Kuna mashimo, mbuzi, mkokoteni wa maji, watoto wa shule, na matatu inayopita upande usio wake. Gari hilo lingesimama kutwa nzima likiomba njia!

WENZETU WAMEJARIBU WAPI?

Nitawapa mifano mitatu.

Wa kwanza ni Uholanzi, karibu na mji wa Rotterdam. Huko kuna stesheni ya treni ya mjini inayoitwa Kralingse Zoom, na mbali kidogo kuna eneo la ofisi linaloitwa Rivium. Mwaka 1999 vilianza vibasi visivyo na dereva vya kuunganisha sehemu hizo mbili. Mwaka 1999, jamani! Lakini vilipewa njia yao wenyewe, na ndani ya njia hiyo vikafukiwa sumaku za kuviongoza. Havikuchanganywa na magari mengine. Kwa hivyo siri ya mradi ule ilikuwa njia, si kompyuta.

Wa pili ni Ujerumani, mji mdogo wa Bad Birnbach katika jimbo la Bavaria. Ni mji wa maji moto ya tiba, na wageni wake wengi ni wazee. Stesheni yao iko nje ya mji, kama hizi zetu. Mwezi wa Oktoba 2017 shirika la reli la nchi hiyo lilianzisha kibasi kinachojiendesha katika barabara ya kawaida, cha kwanza katika Ujerumani nzima. Kilikuwa na viti sita, na mwendo wake kama kilomita 15 kwa saa. Kijana wa baiskeli angekipita akiimba. Mwaka 2019 njia ikaongezwa mpaka kikafika stesheni. Na ndani yake alikaa mhudumu wa kukiangalia na kukisimamisha.

Wa tatu ni Marekani, mji wa Denver. Kuna treni inayotoka katikati ya mji kwenda uwanja wa ndege, iliyoanza mwaka 2016. Kwenye stesheni moja ya njia hiyo, mwaka 2019, walijaribu kibasi cha namna hiyo kwa miezi michache. Kilikuwa kikichukua watu stesheni na kuwafikisha ofisini, nyumbani na mahali pa kuegesha magari. Hakikutoza nauli. Mhudumu alikuwamo. Muda wa majaribio ukaisha, nacho kikaondoka.

Tena kuna kampuni ya Waymo, ambayo tangu mwaka 2020 inabeba abiria wa kawaida upande wa Phoenix bila mtu yeyote kwenye usukani. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilitangaza kushirikiana na shirika la usafiri wa umma la huko ili kujaribu kuwafikisha watu kwenye mabasi na treni. Kwa hivyo jambo hili lipo kweli.

PALIPOHARIBIKA

Lakini mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, na nimejifunza kuuliza, "Ni nani aliumia?" Mradi wowote ukisifiwa sana, uliza hivyo.

Mwezi wa Machi 2018, huko Tempe katika jimbo la Arizona, gari la majaribio lilimgonga mama mmoja usiku akivuka barabara na baiskeli yake. Alikufa. Ndani ya gari alikuwamo mtu wa kuliangalia, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu. Wachunguzi wa serikali walipofanya kazi yao, waligundua jambo la kutushtua. Kompyuta ile haikuwa imefundishwa kufikiri kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Ilimwona, lakini haikumtambua kwamba ni mtu anayevuka.

Sasa niambieni, kwetu nani anavuka kwenye kivuko? Vivuko vyenyewe viko wapi? Gari likifundishwa kwa barabara za watu wengine, litamwona mtu wetu kama kosa. Hilo si jambo dogo. Ni maisha.

Mfano mwingine ni mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Mwaka 2020 kibasi kama kile cha Denver kilianza kazi katika mtaa wa Linden, mtaa wa watu wa mapato madogo. Kilikuwa cha kuwafikisha kwenye kituo cha mabasi na kwenye nyumba ya huduma za jamii. Baada ya wiki chache tu, kilisimama ghafula na abiria akaanguka kutoka kitini. Mwendo ulikuwa mdogo, lakini serikali ikasimamisha vibasi vya namna hiyo visibebe watu katika majimbo mengi, mpaka usalama uangaliwe. Baadaye janga la korona likaja. Na hapa ndipo nilipofurahi. Badala ya kukiacha kibasi kipate kutu, walikitumia kupeleka masanduku ya chakula kutoka ile nyumba ya huduma mpaka mtaa wa watu wenye haja. Watu wenyewe walipoulizwa wana shida gani wakati ule, chombo kikapata kazi ya maana.

KWA NINI WAO WANALITAKA?

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo jibu la kijana wa boda boda lilipo.

Katika nchi hizo, mshahara wa dereva ni sehemu kubwa sana ya gharama ya basi. Basi la watu sita linalokwenda kilomita mbili haliwezi kumlipa dereva wa Ujerumani. Kwa hivyo vijiji vya pembeni havipati basi. Wanafikiri, tukimwondoa dereva, basi dogo litalipa, na mzee atafika stesheni. Hiyo ni hesabu yao, na si hesabu ya kijinga.

Jambo la pili ni ardhi. Stesheni nyingi za pembeni ya miji ya Marekani zimezungukwa na maegesho makubwa. Gari la mtu mmoja linakaa pale kutwa nzima. Gari linalojiendesha likimshusha mtu na kwenda zake, ardhi ile inaweza kujengwa nyumba, soko ama shule. Lakini kuna hatari yake. Kila mtu akiletwa na gari lake peke yake, na magari matupu yakawa yanazunguka, mlango wa stesheni utafungana. Anayekuja kwa miguu ndiye atakayebanwa.

Sasa hesabu yetu sisi. Kwetu ghali ni pikipiki yenyewe, petroli, na barabara mbovu inayoharibu vipuri. Dereva si ghali. Dereva ni mtoto wetu, na mapato yake ya siku ndiyo unga wa jioni. Tukinunua mashine ya bei kubwa ili kumwondoa mtu wa mapato madogo, tumetibu ugonjwa wa jirani kwa dawa ya jirani, na wetu tumeuacha.

MAJIBU KWA WALIOULIZA

Kijana wangu, mimi sitakudanganya kwamba gari hilo halitakuja kamwe. Linaweza kuja, na likija litaanzia kwenye lami nzuri na watu wenye pesa. Halitaanzia kwenye njia yako ya matope. Lakini nina swali kwako pia. Je, abiria wako wanakupenda? Kama usiku unapandisha nauli kwa sababu mama hana njia nyingine, siku atakapopata njia nyingine atakuacha bila hata kusema kwaheri. Mashine haiwezi kumshika mzee mkono. Haiwezi kubeba gunia mpaka jikoni. Haijui kwamba nyumba ya tatu kuna mgonjwa. Wewe unajua. Hiyo ndiyo mali yako. Usiiharibu kwa mwendo wa kasi na maneno machafu.

Na wewe mama, jibu lako ni hili. Gari likiishia kwa lami, halijakufikisha. Hata liwe na kompyuta kumi. Unachohitaji wewe ni chombo kinachongoja treni, nauli unayoijua kabla ya kupanda, njia yenye taa, na mtu unayemwamini. Mambo hayo manne ndiyo waliyokuwa wakiyatafuta Bad Birnbach na Denver. Wao wanajaribu kuyapata kwa mashine. Sisi tunaweza kuyapata, mengi yake, kwa kupatana.

TUFANYE NINI SISI?

Naomba kila kikundi kichukue hatua hizi.

Kwanza, tuhesabu. Wiki moja tu, watu wawili wakae stesheni na daftari. Waandike wangapi wanakuja kwa miguu, wangapi kwa pikipiki, wangapi kwa matatu, wangapi kwa gari lao. Waandike akina mama, wazee, wenye ulemavu, na watoto wa shule. Waandike nauli ya asubuhi na ya usiku. Kiongozi ukimwambia "tunateseka", atatikisa kichwa. Ukimwonyesha hesabu, atatafuta kalamu.

Pili, tukae na vijana wa boda boda. Tupatane nauli moja ya mchana na moja ya usiku, ibandikwe pale stegi. Wapange zamu, ili treni ya mwisho ikifika wawepo wenye fulana na namba, wanaojulikana. Kikundi kinaweza kuweka akiba ya kumlipia mgonjwa ama mjamzito akikwama. Hii ndiyo "programu" yetu, na haihitaji setilaiti.

Tatu, twende kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki ya kushirikishwa, lakini wengi wetu tunaachia wazee wawili waende, nao wanasinzia. Tuombe njia ya miguu iliyoinuliwa kutoka kwenye maji, taa, vivuko, na mahali ambapo kiti cha magurudumu kinaweza kupita. Kumbukeni Rotterdam. Njia ilitangulia, gari likafuata. Tena njia hiyo, gari lije lisije, mama ataitumia kesho asubuhi.

Nne, siku mtu akija na mradi wa magari yanayojiendesha, tusimpigie vigelegele kabla ya kumwuliza. Litafika mpaka wapi? Nauli itakuwa ngapi majaribio yakiisha, maana bure huwa ya miezi michache? Asiye na simu ya kisasa ataliitaje? Likimgonga mtu, nani atajibu? Vijana wanaopoteza kazi watafundishwa kazi gani? Kuuliza si ujinga, na mwenye mradi mzuri hakasiriki akiulizwa.

Siwaambii tuikatae mashine. Kuna mama mmoja hapa kijijini asiyeona, ambaye hajapanda treni hata siku moja, kwa sababu hakuna wa kumfikisha. Siku chombo kitakapoweza kumchukua mlangoni na kumrudisha salama, kikiwa na dereva ama bila dereva, mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Hicho ndicho kipimo changu, na naomba kiwe chenu. Kama yeye amefika, mradi umefika. Kama yeye bado yuko nyumbani, tuendelee kudai.

 Sasa wacheni niketi, ninyi mseme.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani hawezi kufika stesheni ama stegi peke yake? Tumtaje, na tuseme ni kitu gani kinamzuia.

2. Safari ya kutoka mlangoni hadi stesheni inatugharimu pesa ngapi na muda gani, mchana na usiku?

3. Tukipatana nauli na vijana wa boda boda, wao watahitaji nini kutoka kwetu ili wasipate hasara?

4. Gari lisilo na dereva likija, ni kazi gani katika kijiji itakayopotea, na ni kazi gani mpya inayoweza kupatikana?

5. Mkutano wa bajeti ya kaunti unaokuja, ni nani atatuwakilisha, na atabeba hesabu gani mkononi?